Somo la Uwanda

Kitabu cha jiografia, ukurasa uliokunjika pembe,
kina picha ya nchi ya nyasi, mbali huko:
nyasi kulia, nyasi kushoto, nyasi hadi zikagusa mbingu,
na mtu mmoja juu ya farasi, mdogo kama chawa.
Kombo akaniuliza, "Mwalimu, na sisi Pemba tunayo?"
Nikanyamaza. Mimi mzaliwa wa Mtambile,
nchi ya panda-shuka, mkarafuu juu ya mkarafuu.
Kwetu ukitaka kuona mbali, upande mti.

Basi Jumamosi tukaenda Micheweni,
watoto thelathini na mmoja na ndoo ya maandazi.
Vilima vikapungua kimoja kimoja
kama wageni wanaoaga harusini,
udongo mwekundu ukabaki nyuma,
na ghafla mbingu ikawa kubwa.
Mize akajishika kichwa:
"Nani kaliezua paa?"

Huu, wanangu, ndio uwanda.
Chini ni jiwe; zamani za zamani lilikuwa matumbawe,
samaki walipita hapo unapokanyaga,
kisha bahari ikarudi nyuma, ikaliacha juani.
Juu ya jiwe, udongo mwembamba kama chapati ya maji.
Juu ya udongo, majani.
Mvua ikinyesha haikai, inazama nyufani
kama senti kwenye mfuko uliotoboka.

Hayo niliyasoma. Nikayasema kwa sauti ya mwalimu.

"Hapa hapana kitu," akasema Shaame.

"Kitu gani unataka?"
Msichana, miaka tisa hivi, kamba ya usumba mkononi,
na nyuma ya kamba ng'ombe mweusi aitwaye Saburi.
Yeye mwenyewe Mkasi, binti Faki.
Nikakifunga kitabu changu.

Huu ukoka, akasema, Saburi anaupenda.
Hii ndago, ivute hata kesho, haing'oki.
Hii mbigili...
lakini Shaame alikwisha kuikanyaga.
Yangeyange hamfuati ng'ombe kwa mapenzi,
anafuata panzi wanaorushwa na kwato.
Pale msisogee, kware ameatamia.
Na pale, penye mfuko wa udongo kati ya mawe mawili,
bibi yangu hupanda mawele,
punje tatu, punje nne, kwa ncha ya mtaimbo.

Akatupeleka kwenye shimo, tukachungulia kwa zamu.
Maji yalikuwa chini, meusi, yametulia.
"Matamu kidogo, chumvi kidogo.
Bamvua ikija, nayo hupanda."
"Mbona bahari iko mbali?" akauliza Kombo.
"Iko chini yako," akasema Mkasi,
na watoto thelathini na mmoja wakainua nyayo zao.

"Na kiangazi je?"
Kiangazi majani huwa rangi ya paka wetu.
Ng'ombe hukonda, mbavu ukazihesabu.
Twenda kukata majani mbali, mimi na kaka zangu,
na tukirudi mama hatuoni,
huona mizigo ya majani inajitembelea.

Upepo ukaja kutoka upande wa mashariki.
Majani yakainama yote kwa pamoja,
safu baada ya safu, kama msikiti unaosujudu,
kisha yakainuka.
Hakuna aliyesema neno. Hata ndoo ya maandazi ilisahauliwa,
Saburi peke yake akaikumbuka.

Uwanda wetu ni mdogo, sitawadanganya.
Ukiondoka baada ya sala ya alfajiri, ukitembea polepole,
kabla ya adhuhuri umefika ufukweni.
Farasi hatuna.

Jumatatu nilikifungua kitabu darasani, hakikulala sawa.
Pembeni mwa ile picha, kwa penseli,
mtu alikuwa amechora msichana mdogo kama chawa
na ng'ombe mkubwa kuliko mbingu,
na katikati ya ukurasa, imechomekwa kwenye karatasi,
mbigili moja kavu.
Nilitaka kuuliza ni nani.
Shaame alikuwa anajikuna unyayo.